Kompyuta unayoweza kuifungua mwenyewe: Framework ni kampuni gani, na sisi inatuhusu nini?

Mafundi wa kompyuta katika miji yetu midogo wanalijua vizuri jambo hili: laptopu nyingi zinazofikishwa kwao hazijafa zote. Kilichokufa ni kitu kimoja. Tundu la chaja limelegea, betri haikai na chaji, bawaba imevunjika, au kibodi imemwagikiwa chai. Tatizo ni kwamba kitu hicho kimoja hakitoki peke yake, au spea yake haipatikani, na mwenye mali anaambiwa atafute mashine nyingine. Fedha ya mavuno au ya mkopo wa kikundi inakwenda tena dukani.

Katika makala haya tunaeleza habari za kampuni ya Marekani inayoitwa Framework, ambayo kwa miaka kadhaa sasa inatengeneza kompyuta zinazofunguka kwa bisibisi moja na kubadilishwa kipande kimoja kimoja. Tunaeleza ilivyoanza, mashine zake zinavyofanya kazi, yaliyotokea miaka ya karibuni, na mahali ilipokosolewa. Mwishoni tumeweka maswali ambayo wewe msikilizaji unaweza kumuuliza muuzaji kabla ya kutoa fedha yako, hata kama kompyuta unayonunua ni ya kampuni nyingine kabisa.

Kwa kifupi

- Framework ilitangaza laptopu yake ya kwanza Februari 2021, na wateja wa mwanzo wakaipokea Julai mwaka huohuo.
- Betri, kioo, kibodi, RAM, hifadhi, spika, bawaba na hata madabodi vinabadilishwa na mwenye mashine mwenyewe.
- Aliyenunua laptopu ya kwanza ya 2021 ameweza kuweka ndani yake madabodi za matoleo yaliyofuata, bila kununua bodi nyingine.
- Kampuni imekosolewa kwa mambo kadhaa, yakiwemo masasisho ya programu yaliyochelewa na kompyuta ya mezani ambayo RAM yake haitoki.
- Mashine hizi huuzwa zaidi Amerika Kaskazini, Ulaya na Australia. Huku kwetu somo lake ndilo linaloweza kutufaa mapema kuliko mashine yenyewe.

Kampuni hii ilianzaje?

Mwanzilishi wake ni Nirav Patel, mhandisi aliyewahi kufanya kazi Apple, kisha akawa miongoni mwa wafanyakazi wa mwanzo wa Oculus, kampuni ya miwani ya kidijitali iliyonunuliwa baadaye na Facebook. Makao ya Framework yako San Francisco, katika jimbo la California.

Wakati inaingia sokoni, laptopu duniani zilikuwa zinaelekea upande mwingine. Makampuni makubwa yalishindana kutengeneza mashine nyembamba na nyepesi. Ili kupunguza unene, RAM ilichomelewa moja kwa moja juu ya madabodi, betri zikagundishwa kwa gundi, na skrubu za kawaida zikabadilishwa na zile zinazohitaji bisibisi za pekee. Mteja alipata mashine nzuri machoni, lakini ikiharibika kitu kidogo, gharama ya kuitengeneza ilikaribia bei ya mpya.

Framework ilitaka kuonyesha kwamba wembamba na matengenezo vinaweza kukaa nyumba moja. Laptopu yake ya kwanza, ambayo sasa inaitwa Framework Laptop 13, ina kioo cha inchi 13.5 na uzito wa kilo 1.3 hivi, sawa na laptopu nyembamba za makampuni mengine. Kikundi cha iFixit, ambacho hufungua vifaa na kuvipa alama kulingana na urahisi wa kuvitengeneza, kiliipa alama 10 kati ya 10.

Mashine yenyewe imeundwaje?

Chukua mfano wa bodaboda. Tairi likiisha, hakuna anayetupa pikipiki. Cheni, breki, plagi na kioo cha pembeni kila kimoja kinauzwa peke yake dukani kwa muuza spea, na fundi wa chini ya mwembe anakibadilisha huku abiria akisubiri. Framework imejaribu kuileta hali hiyo kwenye kompyuta.

Chini ya laptopu kuna skrubu tano. Bisibisi ya kuzifungulia inakuja ndani ya boksi pamoja na mashine. Skrubu zikishalegea hazidondoki, zinabaki zimeshikwa mahali pake, kwa hiyo hutazitafuta sakafuni. Ukigeuza mashine, kibodi inanyanyuka kwa mkono kwa sababu imeshikiliwa na sumaku. Hapo ndani yote yanaonekana: betri, feni, RAM, hifadhi ya SSD, kadi ya Wi-Fi na madabodi yenyewe.

Kila kipande kimeandikwa jina lake, na pembeni kuna alama ya QR. Ukiipiga picha kwa simu, inakupeleka kwenye maelezo ya namna ya kukitoa kipande hicho na mahali pa kununua kingine. Hii ina maana kubwa kwa mtu asiye fundi, kwa kuwa hahitaji kukisia jina la kitu kilichoharibika.

Jambo jingine ni matundu ya pembeni. Katika laptopu ya kawaida, tundu la USB au la chaja limechomelewa kwenye madabodi, na likilegea kazi yake ni kubwa. Laptop 13 ina nafasi nne za pembeni zinazopokea kadi ndogo ndogo za kuchomeka. Unachagua mwenyewe: kadi ya USB ya kawaida, ya USB-C, ya HDMI kwa ajili ya kuunganisha na televisheni au projekta, ya kusomea memori kadi, ya waya wa intaneti, na nyinginezo. Chaja inaingia kwenye kadi ya USB-C, na kadi hiyo unaweza kuiweka kulia au kushoto. Kila siku unapochomeka na kuchomoa chaja, kinachochakaa kwanza ni kadi hiyo ndogo. Ikilegea, unaitoa na kuweka nyingine.

Familia ya mashine zake

Baada ya laptopu ya kwanza, kampuni imeongeza mashine nyingine tatu.

Framework Laptop 16 ilitangazwa 2023 na kuanza kuwafikia wateja mwanzoni mwa 2024. Ni kubwa zaidi, ina nafasi sita za kadi za pembeni, na nyuma ina sehemu ya kuchomeka kadi ya picha. Kadi ya picha ndiyo inayotumika na wanaohariri video, wanaochora majengo na wanaocheza michezo mizito. Katika laptopu nyingi haibadilishiki kabisa. Mwaka 2025 Framework ilitoa kadi ya picha mpya ya Nvidia, na waliokuwa na Laptop 16 ya zamani wakaweza kuinunua na kuichomeka.

Framework Laptop 12 ilitangazwa Februari 2025. Ni ndogo, ina kioo cha kugusa kinachogeuka hadi nyuma, inakuja kwa rangi tano, na imelenga zaidi wanafunzi. Ilipoanza kuuzwa, bei ya chini ilikuwa dola 549 za Marekani, bila RAM, bila hifadhi na bila Windows. Vitu hivyo mnunuzi anajitafutia mwenyewe au ananunua kwao kwa bei ya ziada.

Siku hiyohiyo ilitangazwa Framework Desktop, kompyuta ya mezani ndogo. Hii ndiyo iliyoleta mjadala mkali kuliko zote, na tutaieleza zaidi hapa chini.

Jaribio halisi: madabodi mpya ndani ya bodi ya zamani

Mtu yeyote anaweza kuahidi siku ya uzinduzi. Swali lilikuwa: je, baada ya miaka, aliyenunua mashine ya kwanza atakumbukwa?

Mwaka 2022 kampuni ilitoa madabodi yenye prosesa za Intel za kizazi cha 12. Mwaka 2023 zikaja za Intel kizazi cha 13, na kwa mara ya kwanza za AMD. Mwaka 2024 zikafuata za Intel Core Ultra, na 2025 za AMD Ryzen AI 300. Zote hizi zinaingia kwenye bodi ileile ya 2021. Mwenye mashine anafungua skrubu, anachomoa nyaya chache, anatoa madabodi ya zamani na kuweka mpya. Vipande vingine navyo vilifuata mtindo huo. Mwaka 2024 kilikuja kioo chenye picha kali zaidi pamoja na kamera mpya, na vyote viliweza kufungwa kwenye laptopu za mwanzo. Hata bawaba, ambazo wateja wa mwanzo walilalamika kuwa zinalegea, zilipata toleo gumu zaidi linalouzwa peke yake.

Hata hivyo, msikilizaji asidhani kazi hii ni ya bei ya chee. Mwaka 2022, madabodi ya bei ya chini kabisa ya kizazi kipya iliuzwa dola 449. Na kuna mtego mwingine. Madabodi za Intel za kizazi cha 11 hadi cha 13 zinatumia RAM ya aina ya DDR4, lakini za AMD na zile za Intel Core Ultra zinatumia DDR5. RAM hizi haziingiliani. Kwa hiyo anayehama kutoka kundi moja kwenda jingine lazima anunue na RAM mpya. Inafanana na mtu aliyebadili injini ya pikipiki akagundua kwamba kabureta ya zamani haikai.

Madabodi ya zamani inakwenda wapi?

Hapa ndipo mpango wa kampuni hii unapotofautiana na biashara ya kawaida. Madabodi iliyotolewa haijafa, ni kompyuta kamili iliyokosa bodi. Inaweza kuwashwa bila betri na bila kioo cha laptopu, kwa kuipa umeme kwenye tundu la USB-C na kuiunganisha na kioo cha nje.

Mwaka 2022 Framework ilitoa hadharani michoro ya vipimo vya madabodi yake, pamoja na michoro ya kasha ambalo mtu mwenye printa ya vitu anaweza kulichapisha. Mwaka uliofuata, kampuni ya Cooler Master ilitengeneza kasha la dukani kwa ajili ya madabodi hizo. Watumiaji wamezigeuza kuwa kompyuta za mezani, mashine za kuhifadhia mafaili ya familia au ofisi, na vifaa vya kuchezea michezo kwenye televisheni.

Kwa kuwa michoro iko wazi, na makampuni mengine yameingia. DeepComputing ilitengeneza madabodi ya Laptop 13 yenye prosesa ya aina ya RISC-V, ambayo kanuni zake za msingi hazimilikiwi na kampuni moja. Prosesa hiyo ni dhaifu kwa matumizi ya kila siku, na imelenga watengenezaji wa programu. Lakini inaonyesha jambo: mtu wa nje, asiye mwajiriwa wa Framework, ameweza kutengeneza moyo mpya wa mashine hiyo. Michoro ya kadi za pembeni nayo iko wazi, na wapo watumiaji waliojitengenezea kadi ambazo kampuni yenyewe haikuzifikiria.

Mahali ilipokosolewa

Haitakuwa haki tukisimulia mazuri tu. Yako mambo manne makubwa.

La kwanza ni betri ndogo ya saa. Laptopu za 2021 zilikuwa na betri ndogo ya mviringo kwenye madabodi, inayotunza saa mashine ikiwa imezimwa. Kompyuta ikikaa muda mrefu bila kuchajiwa, betri hiyo iliisha kabisa na baadhi ya mashine ziligoma kuwaka. Baadaye kampuni ilitoa bure kifaa cha kurekebisha tatizo hilo, lakini kukifunga kulihitaji kuchomelea kwa risasi, kazi ambayo mtu wa kawaida hawezi.

La pili ni masasisho. Programu ya ndani inayowasha kompyuta, iitwayo BIOS, inahitaji kusasishwa mara kwa mara kwa ajili ya usalama. Kwa baadhi ya mashine za zamani, masasisho hayo yalichelewa sana. Malalamiko yalipozidi, mwaka 2024 uongozi wa kampuni ulikiri kasoro hiyo hadharani na kueleza hatua za kuirekebisha. Hili ni somo kubwa: skrubu pekee hazitoshi. Kompyuta inayofunguka lakini haipati masasisho ya usalama inabaki kuwa mlango usio na komeo.

La tatu ni ile kompyuta ya mezani ya 2025. RAM yake imechomelewa kwenye madabodi na haiwezi kuongezwa baadaye. Wengi walishangaa: kampuni iliyojijenga kwa kuhubiri matengenezo inauza mashine ya aina hii? Kampuni ilieleza kwamba prosesa ya AMD iliyotumika inahitaji kuwasiliana na RAM kwa kasi kubwa mno, na kwamba waliuliza kama inawezekana kuweka RAM ya kuchomoa, wakaambiwa kasi hiyo isingepatikana. Wapo walioridhika na jibu hilo, na wapo waliosema kama haiwezekani basi mashine hiyo isingetengenezwa.

La nne ni bei. Framework ni kampuni ndogo, haina nguvu ya kununua vipuri kwa wingi kama Lenovo, HP au Dell. Aprili 2025, Marekani ilipotangaza ushuru mpya kwa bidhaa kutoka nje, kampuni hiyo ilisimamisha kwa muda uuzaji wa baadhi ya laptopu zake za bei ya chini nchini humo. Mwishoni mwa 2025 bei ya RAM ilipanda duniani kote, kwa kuwa vituo vikubwa vya akili mnemba vinainunua kwa wingi mno. Framework nayo ikatangaza kupandisha bei ya RAM zake. Lakini hapa mfumo wake ulimfaa mteja: kwa kuwa anaweza kununua laptopu isiyo na RAM, aliyekuwa nayo nyumbani au aliyepata ya bei nafuu kwingine aliweza kuitumia hiyo.

Sheria nazo zinabadilika

Framework haiko peke yake. Uholanzi kuna Fairphone, ambayo tangu 2013 inauza simu zinazofunguka na kubadilishwa vipande. Ujerumani kuna MNT Research, inayotengeneza laptopu ambazo michoro yake yote iko wazi.

Serikali nazo zimeanza kusukuma. Ufaransa ilianza Januari 2021 kuwalazimisha wauzaji kuandika kwenye bidhaa kama simu na laptopu alama inayoonyesha ni rahisi kiasi gani kuitengeneza. Jimbo la California lina sheria iliyoanza kutumika Julai 2024, inayowataka watengenezaji kutoa spea, vifaa na maelekezo kwa wateja na mafundi wa kujitegemea. Katika Umoja wa Ulaya, tangu tarehe 20 Juni 2025, simu mpya zinazoingizwa sokoni lazima ziwe na spea zitakazopatikana hadi miaka 7 baada ya modeli hiyo kuacha kuuzwa. Kuanzia Februari 2027, betri za vifaa vya kubebeka zinazouzwa huko zitatakiwa ziweze kutolewa na mtumiaji mwenyewe, isipokuwa kwa vifaa vichache vilivyoachwa nje ya kanuni hiyo.

Kwa nini sheria za Ulaya zituhusu? Kwa sababu sehemu ya vifaa vinavyotumika huko leo huishia katika masoko ya mitumba ya Afrika. Kikitengenezwa kwa namna inayofunguka, kitatufikia kikiwa bado kinafunguka. Kikitengenezwa kwa gundi, kitatufikia na gundi yake.

Na kikifa, kinabaki kwetu. Ripoti ya Umoja wa Mataifa ya 2024 kuhusu taka za kielektroniki ilisema dunia ilizalisha tani milioni 62 za taka hizo mwaka 2022, na ni asilimia 22.3 tu zilizorejelezwa kwa njia rasmi. Ndani ya taka hizo kuna risasi na sumu nyingine ambazo, zikichomwa nyuma ya nyumba au kutupwa kwenye korongo, huingia kwenye moshi tunaouvuta na udongo tunaoulima.

Je, naweza kuipata Framework hapa?

Kampuni inauza moja kwa moja kwa nchi ilizozichagua. Mtu anaweza kuagiza kupitia ndugu aliyeko ughaibuni, lakini ajue kwamba atabeba gharama za usafirishaji, na kupata spea au huduma ya warantii akiwa huku itakuwa kazi. Ushauri wetu ni huu: usiuze mbuzi ili uagize laptopu ya mbali kwa sababu tu umesoma sifa zake. Mashine nzuri ya matengenezo ni ile ambayo spea zake ziko karibu nawe.

Habari njema ni kwamba katika masoko kama Kariakoo jijini Dar es Salaam au Luthuli Avenue jijini Nairobi, zipo laptopu za mitumba zilizotoka maofisini ambazo nazo zinatengenezeka. Mfano ni Lenovo ThinkPad T480 ya 2018: ina nafasi mbili za RAM zinazochomoka, hifadhi inabadilishwa, na moja ya betri zake inatolewa kwa nje bila bisibisi. Lenovo, HP na Dell hutoa bure kwenye intaneti vitabu vya mafundi kwa mashine zao za ofisini, vinavyoonyesha kila skrubu. Fundi wako anaweza kuvipakua kwenye simu.

Maswali ya kumuuliza muuzaji

1. RAM yake inatoka au imechomelewa? Kama imechomelewa na ni GB 4, utakaa na hizo GB 4 hadi mwisho. Jina la modeli ukilitafuta kwenye intaneti kwa simu, jibu utalipata kabla hujafika dukani.

2. Hifadhi inabadilishwa? Laptopu ya zamani yenye diski ya kuzunguka ikiwekewa SSD hubadilika kabisa kwa kasi. Hakikisha nafasi ipo.

3. Betri imebaki na nguvu kiasi gani? Usiridhike na kuona imejaa asilimia 100. Katika Windows, mwombe muuzaji afungue dirisha la amri na kuandika powercfg /batteryreport. Itatoka ripoti yenye namba mbili: uwezo wa betri ilipokuwa mpya na uwezo wake wa sasa. Namba ya pili ikiwa chini ya nusu ya ya kwanza, hesabu na bei ya betri mpya.

4. Betri ya modeli hii inapatikana mjini? Mpigie fundi wako kabla ya kulipa.

5. Ina nywila ya BIOS? Mashine nyingine za ofisini huja zimefungwa. Mwombe aizime na kuiwasha mbele yako, kisha aingie kwenye BIOS.

6. Inaendesha Windows ipi? Microsoft ilisitisha huduma za kawaida za Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025. Windows 11 rasmi inahitaji, kwa upande wa Intel, prosesa ya kizazi cha 8 au zaidi. Ikiwa mashine ni ya zamani kuliko hapo, muulize fundi kuhusu Linux, ambayo ni ya bure na bado inapata masasisho.

7. Bawaba na matundu vikoje? Fungua na kufunga kioo mara kadhaa. Chomeka chaja na uitikise kidogo. Chaji ikikatika, tundu limelegea.

Kwa vikundi vya kuweka na kukopa, shule na ofisi za kijiji zinazonunua kompyuta zaidi ya moja, tunaongeza neno moja: nunueni za modeli moja. Mashine tano za aina moja zinasaidiana. Ikifa moja, kioo, kibodi na RAM yake vinakuwa spea za nne zilizobaki. Mashine tano za aina tano hazina cha kupeana.

Tahadhari kuhusu betri iliyovimba

Ukiona kibodi inanyanyuka katikati, au laptopu haifungi vizuri, huenda betri imevimba. Zima mashine, chomoa chaja, na usiichaji tena. Usiitoboe, usiibonyeze, usiitupe motoni wala chooni, kwa kuwa betri hizi zinaweza kulipuka moto mkali. Iweke mbali na watoto na vitu vinavyoshika moto, kisha ipeleke kwa fundi anayeijua kazi hiyo.

Una swali kuhusu kununua au kutengeneza kompyuta au simu? Tutumie ujumbe mfupi kwa namba unazozisikia hewani, ukitaja jina la modeli na tatizo lenyewe. Maswali yatakayofika tutayapeleka kwa fundi na majibu yake tutayasoma kwenye kipindi.